Laptop imekuwa nzito ghafla na prosesa iko juu: soma namba tatu kabla hujapiga Windows upya

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptop yake katika wiki ya kujaza alama za mtihani wa muhula. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka mezani bila hata kukaa.

"Fundi, hii jana asubuhi ilikuwa nzima. Tangu jioni, nikiandika jina la mwanafunzi herufi zinatokea mojamoja. Nimeambiwa ipigwe Windows upya, lakini alama za madarasa manne zimo humu, na Ijumaa nazikabidhi."

"Tusipige kitu kwanza, mwalimu. Hebu tuiangalie."

Niliiwasha ikiwa kwenye chaja yake, nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazoendeshwa na zinatumia nini. Excel peke yake ilikuwa wazi, na prosesa ilikuwa asilimia 100. Wengi wakiiona hiyo 100 huwa wameshahukumu. Mimi niliangalia namba iliyo pembeni yake: Speed, yaani kasi ya prosesa kwa wakati huo, 0.39 GHz. Kulia kwake, Base speed, kasi yake ya msingi, ilisoma 2.40 GHz. Nikachomoa chaja. Tukiwa tunatazama wote wawili, ile 0.39 ikapanda hadi 1.8, kisha 2.7, na asilimia ikashuka hadi 9. Windows yake haikuwa na tatizo lolote.

Asilimia 100 haikuambii kwamba kazi ni nyingi. Inakuambia kwamba prosesa imetumia uwezo wote iliyo nao kwa wakati huo. Uwezo ukikatwa hadi sehemu ya sita, kijifaili cha Excel kinaujaza. Ndiyo maana inaniuma kupokea mashine zilizopigwa Windows mara mbili au tatu, picha za harusi na kazi za chuo zimepotea, na uzito uko palepale. Kupima kunachukua dakika kumi na hakuna gharama.

Namba tatu za kusoma

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likifunguka dirisha dogo lenye majina ya programu tu, bofya More details. Nenda Performance, kisha CPU, yaani prosesa. Fanya hivi laptop ikiwa imewaka kwa dakika tano au zaidi, maana dakika za mwanzo prosesa hupanda kihalali: programu zinaamka, antivairasi inakagua, mafaili yanasawazishwa na akaunti yako ya mtandaoni. Funga ulichofungua, ondoa mkono kwenye kipanya, subiri nusu dakika.

Namba ya kwanza ni Utilization, yaani asilimia. Laptop nzima iliyotulia hukaa chini ya 10. Ya pili ni Speed, ambayo unailinganisha na Base speed. Hapo uwe mwangalifu: mashine ikitulia, Speed hushuka yenyewe ili kuokoa betri, na hilo ni jambo la kawaida. Shida ni pale Speed inapobaki chini huku asilimia iko juu. Ya tatu ni Up time, muda ambao Windows imekuwa hai bila kuanza upya.

Hii ya tatu huwashangaza watu. Unaizima laptop kila usiku, lakini Up time inasoma siku 19. Tangu Windows 8, ukibofya Shut down, Windows haizimi kila kitu. Huhifadhi sehemu yake ya ndani kwenye diski ili kesho iwake haraka, na utaratibu huo unaitwa Fast Startup. Draiva (programu inayoendesha kifaa kama Wi-Fi au sauti) iliyokwama Jumatatu unaamka nayo Jumanne. Restart ndiyo inayofuta yote na kuanza mwanzo. Basi kabla hujagusa kingine chochote, piga Restart mara moja, usubiri zile dakika tano, usome tena. Mashine nyingi ninazoletewa hupona hapo. Na ukitaka Shut down izime kikwelikweli, shikilia Shift wakati unaibofya.

Kama tatizo limebaki, namba zako zitaangukia sehemu mojawapo kati ya hizi. Asilimia juu na Speed imefika Base speed au imeipita: kuna programu inayokula, mtafute mlaji. Asilimia juu na Speed chini sana: kuna breki, ama joto, ama chaja, ama mipangilio ya umeme. Asilimia ndogo lakini laptop bado nzito: prosesa haihusiki, angalia RAM (kumbukumbu ya muda) na diski.

Ipo na hali ya nne ambayo hata mafundi huipita. Laptop nyingi za ofisini zilizoingia kama mtumba zina prosesa ya kori mbili (sehemu zake za kufanyia kazi) zenye nyuzi nne, yaani njia nne za kazi, ambazo Task Manager inaziita Logical processors. Programu iliyokwama kwenye uzi mmoja itaonyesha asilimia 25 tu, nawe utadhani robo tatu ya prosesa iko huru. Kumbe uzi huo umejaa pomoni na programu haiwezi kuhamia mwingine. Kwenye prosesa ya nyuzi nane, namba hiyo huwa 12 au 13. Ukiona programu moja imeganda kwenye 25 au 12.5, haipandi wala haishuki kwa dakika kadhaa, imekwama. Ichague, bofya End task, uifungue upya. Kazi ambayo hukuihifadhi ndani yake itapotea, kwa hiyo jaribu kwanza kuihifadhi.

Speed iko sawa: mtafute mlaji

Rudi kwenye Processes, bofya kichwa cha safu ya CPU ili mlaji mkubwa apande juu. Jina utakalolikuta ndilo litakaloamua hatua inayofuata.

Windows Modules Installer Worker, au TiWorker.exe, ni kazi ya masasisho. Kwetu ina kisa chake. Wengi wetu tumeweka intaneti ya simu kuwa Metered connection ili Windows isile bando, na ni uamuzi wa busara. Ila masasisho hayo hayafutiki, yanasubiri. Siku unapounganisha Wi-Fi ya ofisini au ya mgeni wako, yaliyorundikana yanashuka kwa mpigo, na laptop iliyokuwa nyepesi asubuhi inakuwa nzito mchana. Mtu anaapa kuwa ameingiwa na virusi. Iache kwenye chaja, juu ya meza, saa moja au mbili, kisha fungua Windows Update uone imefika wapi, na uikubalie Restart ikiomba. Usiizime kwa nguvu katikati. Sasisho lililokatika njiani huanza tena na tena kila unapowasha, nawe utaishi na prosesa iliyopanda kwa wiki nzima. Ikikwama zaidi ya siku, tumia kitatuzi cha Windows Update kilichomo ndani ya Settings, sehemu ya Troubleshoot.

Antimalware Service Executable ni Defender, mlinzi wa Windows mwenyewe. Ukaguzi kamili unaweza kuchukua saa kadhaa kwenye diski ya zamani. Mwache amalize. Tafadhali usimzime kama wanavyoelekeza wengine, maana nitakuonyesha hapa chini kinachoingia mlango ukiwa wazi. Ila kama umepakia antivairasi mbili za kampuni tofauti, toa moja: kila faili inayofunguliwa na hii inakaguliwa na ile, na prosesa ndiyo inayolipa.

Microsoft Windows Search Indexer hupanda baada ya kunakili vitu vingi, mathalani picha za miaka mitano kutoka diski ya nje. Inaandika orodha ya ulichoingiza ili utafutaji uwe wa haraka. Usiku mmoja kwenye chaja unatosha.

Service Host ni jina la mfuko. Bofya mshale ulio pembeni yake uone huduma gani imo ndani, kisha shughulika na hiyo huduma.

Ukienda Details ukamkuta System Idle Process akisoma 90 na kitu, usihangaike naye kabisa. Hiyo ni hesabu ya muda ambao prosesa haina la kufanya. Nimeona mtu akihangaika saa nzima kuifunga.

System interrupts ni habari nyingine. Hii haitakiwi kupita asilimia moja au mbili. Ikikaa kwenye 10 au 20, kuna kifaa kinachogonga mlango wa prosesa bila kukoma: flashi mbovu, kipanya chenye waya uliokatika ndani, modemu, kigawanyishi cha USB. Chomoa vyote kimoja baada ya kingine huku unaitazama namba. Ikishuka ulipochomoa kipanya, umeshampata. Ikibaki juu hata mashine ikiwa tupu, shuku draiva, hasa ya Wi-Fi au ya sauti, na uichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop yako kwa kutumia namba ya modeli iliyoandikwa chini yake. Zile programu zinazojitangaza kuwa zinasasisha draiva zote kwa mpigo zikwepe. Nyingi huja na mizigo ambayo hukuiagiza.

Mlaji anayetokea kuliko wote ni kivinjari. Hapo Task Manager ya Windows haikusaidii sana, kwa sababu itakuonyesha Chrome ishirini zenye jina lilelile. Ukiwa ndani ya Chrome au Edge, bonyeza Shift na Esc. Utafunguka msimamizi wa kivinjari chenyewe, akikutajia kila kichupo na kila kiendelezi (kiprogramu kilichoongezwa kwenye kivinjari) kwa jina, na kila kimoja kinakula kiasi gani. Mara nyingi mkosaji ni kiendelezi kilichopakiwa zamani kwa kazi ya siku moja, kama cha kushusha video. Kiondoe.

Kama prosesa inapanda unapotazama video tu, sababu yaweza kuwa umri wa prosesa. Tovuti za video hubana picha kwa mitindo mipya kila baada ya muda, na prosesa isiyoufahamu mtindo husika kwenye maunzi yake hulazimika kuukokotoa kwa nguvu. Mitindo miwili ya aina hiyo ni VP9 na AV1: Intel zilianza kufungua VP9 kikamilifu kwa maunzi katika kizazi cha 7, na AV1 katika kizazi cha 11. Laptop ya kizazi cha 4 inayotazama video ya 1080p itatoka jasho hata ikiwa nzima. Shusha ubora hadi 480p au 720p, na hakikisha kwenye mipangilio ya kivinjari sehemu ya System kwamba matumizi ya kadi ya grafiki yamewashwa.

Feni inalia, ukifungua Task Manager inanyamaza

Dalili hii naipa nafasi yake, kwa sababu ina hatari kuliko zote nilizotaja.

Mama mmoja mwenye steshenari alikuja na laptop inayovuma kama mashine ya kukausha nywele. Tulikaa nayo. Nikifungua Task Manager, prosesa inasoma 6, na kabla sijahesabu kumi feni inashuka, inatulia. Nikifunga, sekunde chache tu, feni inapanda tena. Nilifanya hivyo mara nne ili naye aone. Programu ya kawaida haina haja ya kujificha unapoiangalia.

Nikafungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, nikashuka hadi Exclusions, orodha ya mahali ambapo Defender ameambiwa asiangalie. Kwenye laptop mpya orodha hiyo ni tupu. Kwake ilikuwa na mstari mmoja: C:\. Diski nzima.

"Mama, kuna programu gani imepakiwa karibuni?"

"Mwanangu alinifungulia Office wiki iliyopita, ile ya kulipia, bila kulipa."

Kilichokuwa ndani ni mchimbaji wa sarafu za kidijitali, programu inayotumia prosesa yako kukokotoa hesabu zinazomlipa mtu mwingine sarafu hizo. Sarafu inayopendwa na wezi wa aina hii ni Monero, ambayo tangu 2019 inatumia hesabu iitwayo RandomX, iliyoundwa makusudi ifanye kazi vizuri kwenye prosesa za kawaida. Kwa hiyo laptop yako ya ofisini ina faida kwao. Wewe unalipa umeme, unachakaza feni, wao wanakusanya. Na kraki, vile vifungulio vya kutumia programu za kulipia bila kulipa, za Office, Windows na magemu ndizo gari lao kuu, kwa sababu maelekezo ya kraki yenyewe hukuambia uzime antivairasi kwanza.

Usafishaji wake ni huu. Tenganisha intaneti. Futa kila mstari kwenye Exclusions ambao hukuuweka wewe, na uhakikishe Real-time protection imewashwa. Iondoe ile kraki na kila kilichopakiwa siku hiyohiyo. Kwenye orodha ya programu, panga kwa tarehe. Unganisha intaneti kwa muda mfupi ili Defender ajisasishe, kisha nenda Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Laptop itajizima, itawaka nje ya Windows na kukagua kwa takriban dakika 15. Tofauti iko hapo: mchimbaji hajaamka bado, kwa hiyo hawezi kujificha. Ikirudi, fanya Full scan, na uangalie tena Exclusions kesho yake. Mstari wa C:\ ukirudi wenyewe, kuna mzizi uliobaki, na hii ni mojawapo ya hali chache ambazo mimi mwenyewe nakubali kupiga Windows upya. Badilisha nywila za barua pepe na benki ukiwa kwenye kifaa kingine, kwani waliokuwekea mchimbaji wangeweza kuweka pia kisoma vibonyezo, programu inayonasa kila unachoandika.

Kuna na wachimbaji wanaokaa ndani ya ukurasa wa tovuti. Walivuma sana kati ya 2017 na 2019, na bado huonekana kwenye kurasa za kutazama mpira bure. Hao kuwafukuza ni rahisi: Shift na Esc ndani ya kivinjari, funga kichupo, basi.

Asilimia juu, Speed chini: kuna breki

Turudi kwa mwalimu. Laptop nyingi haziamini kila chaja. Dell, kwa mfano, zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja inayopeleka taarifa moja: chaja hii ni ya wati ngapi. Pini ikipinda au chaja ikiwa ya kuigiza, laptop haiitambui, na kwa kujilinda inaacha kuchaji betri na kuibana prosesa. Dalili zake huja pamoja: Speed imeganda chini ya 1 GHz, betri haiongezeki hata ukiiacha saa tatu, na mara nyingine kunatokea ujumbe wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haijulikani. Betri ya mwalimu ilikuwa kwenye asilimia 31 tangu usiku. Alikuwa amenunua chaja mpya jana mchana.

Kipimo ni kilekile: betri ikiwa na chaji ya kutosha, chomoa, tazama Speed. Ikiruka, chaja ina kosa, au tundu lake kwenye laptop limelegea. Angalia pini kwa tochi. Zile zinazochajiwa kwa USB-C nazo zina jambo hili: chaja ya simu ya wati 20 au 30 kwenye laptop inayotaka 65 huenda ikatambuliwa na kuiwasha, lakini mashine itatambaa.

Breki ya pili ni joto. Prosesa nyingi za laptop zina kikomo karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Utaijua kwa mwendo wake: asubuhi laptop iko vizuri, baada ya dakika ishirini za kazi inaanza kugoma, ukiipumzisha inarudi, halafu inagoma tena. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Hewa ya moto yenye nguvu ni dalili njema, feni inafanya kazi yake. Hewa hafifu huku sehemu ya chini inaunguza, njia imeziba. Kimya kabisa, feni imekufa.

Kwetu pwani, joto la Januari na Februari linaondoa akiba ndogo iliyokuwepo, na vumbi la barabarani linamalizia. Lakini kitu ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote ni godoro. Laptop nyingi huvuta hewa kwa chini. Ukiiweka juu ya shuka au kitenge, umeiziba pua. Ihamishie kwenye meza, inua nyuma yake kwa vifuniko viwili vya chupa, usubiri dakika kumi. Speed ikipanda, tatizo lako halikuhitaji fundi.

Isipopanda, inahitaji kufunguliwa. Ninapofungua laptop ya miaka minne ambayo haijawahi kusafishwa, vumbi huwa halijatapakaa. Limejikusanya kama kipande cha blanketi ya kijivu kati ya feni na mapezi membamba ya kupozea. Ukiivuta kwa kibano inatoka nzima, kwa umbo la tundu lenyewe. Kama una mkono wa kazi: zima kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu, chomoa waya wa betri kwanza, kisha shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, kwa sababu ikizungushwa na upepo mkali inaweza kuharibika. Pesti iliyo kati ya prosesa na bamba la kupozea hukauka ikawa kama chokaa. Ifute kwa spiriti na uweke mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele. Na ukiona betri imevimba, au kabla hata ya kufungua umeona sehemu ya kugusia imeinuka, simamisha kila kitu. Usiichomoe kwa bisibisi, usiichaji tena, mpelekee mtu mwenye vifaa vya kuitoa.

Breki ya tatu ni mipangilio, na hii ni ya dakika moja. Settings, System, Power & battery, Power mode: isiwe kwenye kuokoa umeme wakati uko kwenye chaja. Kwenye Control Panel, ndani ya Power Options za kina, kuna Maximum processor state, iwe 100. Nimeikuta ikiwa 30 kwenye laptop za ofisi, na hakuna aliyekumbuka nani aliigusa.

Uzito ulianza baada ya kupigwa Windows

Fungua Device Manager, panua Display adapters. Ukisoma Microsoft Basic Display Adapter, laptop haina draiva ya grafiki. Kila dirisha unalolisogeza, kila video, kila ukurasa unaoteremka, prosesa inachora yenyewe. Pakia draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji, na mara nyingi prosesa hushuka siku hiyohiyo. Pia uliza umewekewa toleo gani. Windows 11 inataja GB 4 za RAM kuwa kiwango cha chini kabisa, na kwa kazi halisi kiwango hicho kinabana: Windows hubana kumbukumbu na kuhamishia nyingine kwenye diski, na kazi hiyo ya kubana hufanywa na prosesa. Windows 10 nayo usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usirudi nyuma bila kulifikiria hilo.

Ikiwa CPU ni ndogo lakini Memory inasoma 90 au Disk imeganda kwenye 100, dawa ni kuongeza RAM hadi GB 8 na kubadilisha diski inayozunguka kwa SSD, diski isiyozunguka. Hakuna mpangilio utakaokupa kinachokosekana hapo.

Wenye Mac, ukikuta kernel_task juu kwenye Activity Monitor, usiifukuze. Mfumo wenyewe unaitumia kushika nafasi ya prosesa ili kupunguza joto, kwa hiyo rudi kwenye sehemu ya joto hapo juu.

Umepita kote na bado

Washa Windows katika Safe Mode, hali ambayo huwaka na vitu vya lazima tu. Ikiwa humo prosesa imetulia, mkosaji ni programu au draiva iliyopakiwa, na Windows yenyewe ni nzima. Zima zote kwenye kichupo cha Startup apps, kisha rudisha moja moja kila baada ya Restart hadi uzito urudi. Inachosha, lakini inampata.

Ikiwa hata Safe Mode ni nzito, fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, iache imalize ukiwa na intaneti, kisha sfc /scannow. Amri hizi hurekebisha mafaili ya Windows yaliyoharibika, mara nyingi kwa sababu ya umeme kukatika katikati ya sasisho. Hazitengenezi joto wala chaja, kwa hiyo usizianzie.

Kupiga Windows upya kuje baada ya hapo, na baada ya kunakili mafaili kwenye diski ya nje na kuifungua hiyo diski kwenye kompyuta nyingine uone kweli yamo. Usiridhike na neno la mtu kwamba amehifadhi. Fungua picha moja, fungua waraka mmoja.

Mwalimu alirudisha ile chaja dukani, akachukua yenye wati sahihi. Nilimkatia kipande cha karatasi, tukakibandika kwa selotepu chini ya laptop: tarehe, asilimia ikiwa imetulia 4, Base speed 2.40, Speed wakati Excel inafanya kazi 2.7, wati 65. Siku ikigoma tena, aliyeishika atakuwa na cha kulinganisha.